Uso wa Wifi

"Hebu muulize shemeji anatumia nini usoni," mume wa fundi cherehani alimwambia mkewe, wifi alipotoka kupimwa gauni. Alisema huku anafunga kamba za viatu, kana kwamba anasema mvua itanyesha.

Fundi aliendelea kuchomeka pini alizozibana mdomoni. Lakini wivu ulimwingia. Yeye na wifi yake, mke wa kaka yake, walijifungua mwezi mmoja. Mbona basi yeye macho yamezama, ngozi imepauka, na mwenzake anang'aa kama sahani iliyosuguliwa? Jamani, mzazi gani huyo!

Kesho yake akaenda duka la vipodozi. Palikuwa na sabuni ya kipande, ya tyubu, na ya chupa yenye pampu ambayo bei yake ingemeza ushonaji wa gauni zima. Fundi alichagua kama anavyochagua kitambaa: cha bei rahisi huchuja. Akaishika chupa.

"Wifi yako huchukua kipande," muuza duka akamwambia.

"Hicho cha kufulia soksi! Niwekee chupa, jioni naleta pesa."

Pesa yenyewe ingetoka kwa wifi, malipo ya gauni lake. Alasiri wifi akaja kulijaribu. Fundi akapiga magoti kubana pindo, akashindwa kujizuia.

"Wifi, niambie kweli, usinifiche. Uso unauoshea nini?"

"Sabuni tu, wifi yangu. Labda ni usingizi. Mtoto akilia usiku, kaka yako ndiye anayeamka. Mimi hata sisikii."

Pini ikamchoma kidole. Kaka yake! Yule aliyekua akitengewa hadi maji ya kuoga, ambaye sahani yake haikuijua njia ya kuelekea jikoni! Chupa angalau ingenunulika. Usingizi huo haukuwa na rafu dukani, na alimwonea wifi wivu mpaka akabana pindo upande upande, ikabidi achomoe pini aanze upya.

Jioni alipita dukani, akaiacha chupa, akanunua kipande. Mumewe alimkuta sebuleni, mtoto begani.

"Enhe, ulimuuliza shemeji?"

"Nilimuuliza. Anatumia mume."

Akampakatisha mtoto, akamtupia nepi begani, akaenda kulala.