Vitu vya Kushikiwa

Asubuhi ya safari Dada alichemsha mayai, akapaka mikate siagi, akamenya machungwa kabisa ili yasije yakachafua viti vya gari. Alikuwa ameamka kabla ya wote, kama kawaida yake, ila siku hiyo alikuwa na sentensi moja aliyokuwa akiirudiarudia kwenye sinki la vyombo tangu juzi: "Mama Tembo, naomba ruhusa niende nyumbani nikamwone mama." Ilikuwa sentensi fupi, haina kona. Shida yake ilikuwa mahali pa kuitolea.

Mama Tembo ndiye mwenye nyumba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mnene mpaka wakunga wakacheka, wakamwita Tembo. Sasa alikuwa kijana mwembamba kama fito, lakini jina lilikuwa limegoma kubanduka. Mdogo wake, msichana, walimwita Kasuku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. Dada mwenyewe hakuwa dada wa mtu yeyote humo ndani. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, na wote walimwita Dada, hata Baba Tembo aliyekwisha kuota mvi.

Mama yake mzazi alikuwa anapoteza macho. Habari hiyo aliitoa kwenye simu bila kulalamika, kama mtu anayesema mvua imechelewa. "Njoo mapema, mwanangu. Saa hizi uso wako bado nitauona. Baadaye nitaona umbo tu, na umbo hata mwizi analo." Kila Dada alipomgusia Mama Tembo suala hilo, Mama Tembo alijibu kwa sauti laini, "Tutaona, Dada, tutaona," halafu akampa kitu: gauni lake la zamani, au sabuni ya kunukia. Dada alikuwa na magauni mengi.

Safari iliangukia siku yake ya mapumziko. "Na wewe utafurahi," Mama Tembo alimwambia. "Tena tunahitaji mtu wa kutushikia vitu." Dada hakununa. Aliona huenda ni heri, maana mtu aliyetoka kucheka huombeka.

Bustani ya michezo ilikuwa na mapembea, magari ya kugongana na mashine za bisi, lakini watoto walikuwa wamekuja kwa ajili ya rolakosta. Reli zake zilipanda juu ya nguzo za chuma kuliko jengo lolote la karibu, zikaanguka ghafla, zikajipinda kichwa chini miguu juu, zikarudi zilikotoka. Ubao wa langoni uliitaja kwa jina lake, Kifaurongo. Chini ya ubao alisimama mwanamke wa makamo mwenye filimbi shingoni, akitoa maelekezo kwa sauti ya mtu ambaye maneno yameshamwisha ladha mdomoni.

"Miwani, simu, kofia, ndala, pochi, hofu. Chochote kinachoweza kudondoka mwachieni mtu wenu. Makabati yamejaa."

Foleni ikaanza kuvua. Hofu haina taabu kutoka. Mtu huinama kidogo, akakohoa, akaipokea kwa kiganja. Kasuku alitoa yake kwanza, ndogo, ya moto, ikitetemeka kama kifaranga. "Usiibane, Dada," alisema. Tembo alijigeuza upande kwa aibu za umri wake, akatoa kitu kirefu na laini kama soksi iliyolowa. Ya Baba Tembo ilikuwa nzito na baridi kama kufuli. Aliiweka juu ya miwani yake, akasema, "Usiikague." Mama Tembo ndiye aliyechelewa. Alikohoa, akajipiga kifua, akakohoa tena, na hatimaye ikatoka ikiwa imekunjwa kama shuka, pana, nzito kuliko zote.

"Kumbe natembea na mzigo wote huu," alisema, akamshika mumewe mkono, wakapanda.

Dada alikaa kwenye benchi na vitu vyao mapajani. Kabla hajajiweka sawa, bwana na bibi waliooana karibuni wakamwomba awashikie na zao, kwa kuwa walimwona anashika vizuri. Akapokea. Zilifanana kama pacha: kila mmoja alikuwa anaogopa kwamba mwenzake ameshajuta. Baadaye, waliposhuka, walizifuata wakasema asante, na kila mmoja akachukua ya mwenzake bila kugundua.

Hofu ukiishika hivyo mikono mitupu inakupitia viganjani. Kupitia ile ya Kasuku, Dada alijikuta anatazama mlango wa choo cha wageni, akiogopa kwamba atatoka humo akute gari limeshaondoka. Ya Tembo ilimletea ubao wa hesabu na darasa zima likisubiri. Kufuli la Baba Tembo lilikuwa na mlango wa ofisi uliofungwa, na vicheko nyuma ya mlango. Alizivumilia. Watu wanaofanya kazi katika nyumba za watu huwa wanajua mengi kuliko hayo.

Kisha shuka ya Mama Tembo ikaanza kuteleza. Katika kuikamata, mkunjo mmoja ukafunguka, na Dada akajiona mwenyewe ndani yake, ameshika begi, akitoka getini asubuhi bila kugeuka nyuma. Nyumbani vyombo vimejaa sinki, watoto hawajavaa, na Mama Tembo amesimama sebuleni na kiatu kimoja cha Kasuku mkononi, hajui cha pili kiko wapi. Akafungua mkunjo mwingine. Ni yeye tena, begi lile lile, geti lile lile. Mikunjo yote ilikuwa hivyo mpaka katikati.

Basi huku ndiko zilikokuwa zikitoka sabuni, na magauni, na zile tutaona. Dada alikuwa akidhani katika nyumba ile anayeogopa ni yeye peke yake. Treni ilikuwa bado inapanda mlima wa kwanza, minyororo inagongagonga, na kwa muda huo mfupi alihisi ameshika kitu cha maana. Halafu treni ikaanguka. Kelele zilizotoka juu zilikuwa za furaha tupu. Hakuna aliyekuwa anaogopa kule. Hofu yote ilikuwa chini, kwenye mabenchi, na mabibi wenye magoti mabovu, na wajawazito, na mayaya.

Walishuka nywele zimesimama. Wakapanda tena, na tena. Walikula mayai wakiwa wima, maganda wakimpa Dada. Mama Tembo alikuwa anacheka mpaka anashikilia mbavu, na Dada akaona kwamba kama kuna mahali pa kuitolea ile sentensi, ni hapo. Sauti yake ilitetemeka, maana alikuwa na hofu za watu wanne mikononi pamoja na yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemuuliza amwachie nani.

"Mama Tembo."

"Enhe, Dada."

"Naomba ruhusa niende nyumbani nikamwone mama. Macho yake yanaisha."

Mama Tembo alimtazama kwa upole wa kweli. Usoni hakuwa na hata mkunjo mmoja. "Hapana," alisema.

Dada alisubiri tutaona. Haikuja.

"Huendi, Dada wangu. Ukienda hurudi. Mimi ningekuwa wewe nisingerudi. Nilikuwa nakuambia tutaona kwa sababu niliogopa ukisikia hapana utafunga virago. Sasa siogopi. Si unasikia hata sauti yangu imetulia?"

"Basi pokea yako, mama," Dada alisema, akamnyooshea shuka. "Hii hapa. Ni yako."

Mama Tembo aliigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa nguo za marehemu. "Kaa nayo," alisema. "Sijawa mwepesi hivi tangu niolewe."

Baba Tembo alichukua miwani, akachukua simu, akaliacha kufuli. "Kama inamsumbua si aitupe tu," alisema, na hakusema kwa ubaya. Tembo alikuwa ameshakimbilia gari. Kasuku peke yake alinyoosha mkono kukitaka kifaranga chake, kwa kuwa alikuwa amekihurumia, lakini mama yake akamvuta. "Achana nacho. Leo utalala taa imezimwa kama mtu mzima."

Dada aliwaomba wamsubiri kidogo, akarudi kwa mwanamke wa filimbi.

"Hawa watu wangu hawazitaki," alisema. "Nizitupe wapi?"

"Hazitupwi. Ukiitupa inakufuata wewe uliyeishika."

"Na nikikaa nazo?"

"Zinakuzoea."

"Watu huwa wanarudi kuzifuata?"

Mwanamke alifikiri kidogo. "Wa miwani hurudi wote," alisema. "Mimi, mwanangu, nilikuja hapa na familia ya watu. Nilikuwa nimekaa benchi hilo hilo." Akapuliza filimbi, foleni nyingine ikaanza kukohoa.

Njiani Baba Tembo aliendesha kwa mkono mmoja, akiyapita malori kwenye kona, huku familia nzima ikiimba. Dada alikuwa kiti cha nyuma, zile hofu zimeshamwingia kifuani, mguu umekanyaga sakafu ya gari kana kwamba breki iko pale. Aliogopa kwa niaba ya gari zima mpaka walipofika.

Maisha yaliendelea, tena kwa wengine yaliendelea vizuri. Baba Tembo aliingia katika ile ofisi iliyokuwa ikifungwa, akakaa bila kukaribishwa, akapandishwa cheo. Tembo alikuwa anakwenda ubaoni mwenyewe, anakosa hesabu zote, anarudi kukaa anapiga mluzi. Kasuku alipanda juu ya tangi la maji, akatembea ukingoni akieleza anachokiona, na Dada akasimama chini amenyoosha mikono mpaka alipochoka kueleza. Mama Tembo aliacha kutoa magauni. Akaliondoa na komeo la geti, kwa sababu lilikuwa linachelewesha gari asubuhi. "La nini?" aliuliza.

Likizo ilipofika, walikwenda tena kwenye bustani ya michezo. Hawakumchukua Dada. Hawakuwa tena na kitu cha kushikiwa, ukiondoa miwani, ambayo Baba Tembo alikuwa ameifunga kamba.

Gari lilipokata kona, Dada alipakia begi. Hakuwa na vingi. Magauni aliyaacha kabatini. Akavuka uwanja, akaweka mkono kwenye geti, nalo likafunguka kwa uzito wake lenyewe. Ndipo shuka ya Mama Tembo ilipojikunjua kifuani mwake, mkunjo kwa mkunjo. "Dada anaondoka," kitu kikasema ndani yake. "Nitafanyaje mimi? Nani atawavalisha hawa watoto?" Akamwona mwanamke mwenye begi anatoka bila kugeuka, akamwogopa mwanamke huyo kuliko alivyowahi kuogopa kitu, akataka kumshika nguo, kumwahidi, kumpa sabuni. Duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa anaogopa Dada asije akaondoka.

Akarudi ndani. Begi akalirudisha chini ya kitanda, akatoa nguo kwenye mashine, akaenda kuzianika. Alikuwa amefika kwenye soksi wakati simu ilipoita.

"Umeshatoka?" mama yake mzazi aliuliza, kwani Dada alikuwa ameshamwahidi kuja likizo hiyo.

"Nilifika getini."

"Umejitahidi," alisema mama yake. "Usijiharakishe tena sasa, mwanangu. Macho yameshajifunga. Tangu juzi naona maziwa tu."

Dada alikuwa ameshika kibanio cha nguo, akikibana na kukiachia.

"Basi nieleze mwenyewe," mama yake alisema. "Umekuwaje?"

Dada alisogea kwenye kioo cha mlango wa jiko, mahali alipoweza kujiona akiinamisha kichwa. Alianza na nywele, akasema zimeanza kuwa nyeupe pembeni, lakini si nyingi. Akasema paji la uso lina mikunjo minne.

"Minne? Umeitoa wapi na umri huo?"

"Si yangu, mama. Ni ya watu."

"Haya. Endelea."

Akaendelea. Alipofika kwenye macho, mama yake akamwambia, "Hapo nenda polepole."