Mlango Ambao Bi Apolinaria Hana

Jana usiku niliota nipo masjala ya hospitali, natafuta namba ya kumpa jirani yangu, Bi Apolinaria Ngonyani. Kazi yangu ndiyo hiyo: daktari anaandika tatizo kwa maneno, mimi naligeuza namba, na namba ndiyo inayompeleka mgonjwa anakotakiwa. Majibu ya kipimo cha Bi Apolinaria yalisema seli zisizo za kawaida, zimechukuliwa ukeni.

Sasa ofisini kwetu, majibu ya akina mama ya namna hiyo tunayatupia yote kwenye namba ya mlango wa kizazi. Mazoea. Nikabonyeza.

Mlango ukatokea.

Mlango kabisa, wa mninga, na bawaba zake. Bi Apolinaria amekaa mbele yake kwenye benchi. Mlango unamtazama juu mpaka chini.

"Mama, mimi si wako."

"Najua, baba. Wangu ulitolewa pamoja na kizazi, mwaka ule wa uvimbe. Ila nimeambiwa nisubiri hapa."

"Basi utasubiri sana. Mimi nafunguka kwa mwenye mimi."

Mapajani ana kikapu. Ndani seli zake zinalia kama vifaranga, na kila zikilia zinanenepa kidogo.

"Mna nini nyie?" nauliza.

"Hatujui, kaka. Tunaweza kutulia, tunaweza kuharibika. Tuangaliwe mapema, basi."

"Na mimi silali," anasema Bi Apolinaria taratibu. "Nausikiliza mwili tu."

Roho ikaniuma. Nikakimbilia kompyuta nimwandikie saratani, apelekwe haraka. Kompyuta ikanichapa vidole.

"Saratani umeiona wapi?"

"Sijaiona."

"Umeona nini?"

"Seli za ukeni zisizo za kawaida."

"Sasa si uandike hizohizo, mzee mzima wewe!"

Ofisi inakuwa shamba la kahawa. Sishangai. Kati ya mistari amekaa bwana mfupi, kavaa tai, anakula muhogo. Ndiye Namba ya Ukeni.

"Leo mmenikumbuka?" anasema. "Nilidhani nimeshastaafishwa."

"Samahani, mkubwa. Kuna mama anakusubiri."

"Nibebe basi, miguu yangu mifupi."

Nambeba mgongoni mpaka kwenye benchi. Anashuka, ananyoosha tai, anapokea kikapu kwa mikono miwili. Seli zinanyamaza.

"Shikamoo, mama. Twende, wa kukukagua yupo."

"Marahaba. Kumbe upo! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Waulize hawa," anasema, ananinyooshea kidole mimi.

Nikaamka. Kumekucha, mtu anagonga dirisha. Nikachungulia: Bi Apolinaria, kavaa kitenge cha kanisani na viatu vya safari.

"Hodi, jirani! Bado umelala? Mimi natangulia hospitali, nakaguliwa leo."

"Nani kakwambia?"

"Si yule bwana mfupi wa ofisini kwenu? Alipita alfajiri. Ana adabu yule! Ila alilalamika mgongo wako una mifupa."