Thioro wa Kitabuni

Jumatano mchana, nyumbani kwa Thioro Ndiaye, mtaa wa Keury Souf mjini Rufisque, sinia la wali wa samaki lilikuwa limeshatua mkekani na kila mtu ameshanawa. Hapo akaingia mwanamke mwenye sanduku la kahawia, akatoa salamu. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Gauni lake lilikuwa la mtindo wa miaka ile ya ukame, na uso wake ulikuwa uso wa Thioro mwenyewe kabla meno hayajaanza kumtoka.

"Karibu," Thioro alisema. "Kaa upande ule. Kula kilicho mbele yako."

Mgeni aliegemeza sanduku ukutani, akanawa, akaketi. Alikula kwa adabu, hakugusa samaki wa katikati mpaka Thioro alipomchambulia kipande na kumsogezea. Ngoné, binti ya Thioro, ndiye aliyemtambua, maana alimsoma shuleni.

"Wewe ni Thioro wa kitabuni."

"Ndiye mimi."

"Umechelewa. Ukwaju wote ameumaliza mama."

"Mwongo huyu," mama yake akasema. "Kuna kipande cha muhogo hapo, mpe mwenzio."

Watu wa Rufisque hawana haja ya kuelezwa habari za kitabu hicho, lakini hata waliofaulu mtihani wake wamesahau mambo fulani, na hayo ni bora yakumbushwe. Kilitungwa na Arame Diop, mwalimu wa shule, aliyekulia nyumba moja na Thioro mpaka walipoolewa. Kilichapishwa Paris, kikapata tuzo, kikaingizwa madarasani. Kinasimulia habari za mke mkubwa aitwaye Thioro Ndiaye ambaye mumewe anaoa mke wa pili. Siku ya kumpokea mke mwenza, wakati wageni wameshajaa uani na sufuria iko motoni, anachukua sanduku lake na kutoka. Anakwenda stesheni, anakaa kwenye benchi, anasikia treni ya Bamako ikipiga honi kwa mbali. Hapo kitabu kinaisha. Walimu wote, kizazi hadi kizazi, waliwafundisha watoto wetu kwamba ukimya wa ukurasa ule wa mwisho ndio uhuru wenyewe. Aliyeandika vingine alipata sifuri.

Thioro wa kweli hakuondoka. Siku ile alipika. Mtaa mzima ulikula, na wapo wazee wanaokumbuka mpaka leo kwamba wali ulikuwa laini na haukuungua hata kidogo.

"Na sasa umerudi kwa nini?" Ngoné aliuliza.

"Mafundi wamekuja kung'oa benchi la stesheni," mgeni alijibu. "Nilikuwa nimelikalia. Wakaniomba radhi."

"Treni je?"

"Niliisikia tu. Haikuwahi kufika."

Ngoné aliacha kula. Yeye naye alikuwa na jambo lake. Wajomba wa mumewe walikuja wiki iliyopita, wakakohoa, wakasifu chai, kisha wakamwambia kwamba Jumapili atampokea mke mwenza. Hakulia. Alikwenda chumbani akakunja nguo zake, zikawa zimekaa juu ya kitanda tangu siku hiyo, zimepangwa vizuri, hazina pa kwenda. Kichwani mwake alikuwa na yule mwanamke wa kitabuni. Alijiambia kwamba huko alikofikia yule, hata yeye atafika.

"Niambie mahali," alimwambia mgeni. "Mji tu. Mengine nitauliza njiani."

"Sijui, mdogo wangu. Arame hakuandika."

Basi ikabidi waende kwa Arame.

Thioro alivaa kanzu yake ya Ijumaa, mgeni akabeba sanduku, wakavuka barabara ya soko wakiwa sambamba, mmoja akimsubiri mwingine kwenye madimbwi. Muuza karanga aliwasalimu wote wawili kwa jina moja, akaokoa muda. Nyumba ya Arame ni ile ya ghorofa yenye lango la chuma la buluu. Mumewe, aliyekuwa mkaguzi wa shule, alikufa zamani. Watoto wako Ulaya. Vyumba vitano vimefungwa, magodoro yamefunikwa nailoni.

Arame alikuwa juu, mezani kwake, anakunywa chai ya majani ya kinkeliba.

"Madiop mmeamka?" Thioro aliita kutoka kwenye ngazi. "Au bado mnalala, matumbo yamejaa mchele?"

"Nani anaongea mchele huyo? Mandiaye ndio wanaokomba ukoko mpaka sufuria inatoboka. Panda, mtumwa wangu, panda polepole, ngazi zangu si za bure."

Ndivyo Diop na Ndiaye, koo za utani, wanavyosalimiana, na asiyetukanwa hurudi nyumbani akijiuliza amekosa nini. Kisha Arame akamwona mgeni. Alimtazama kutoka miguuni mpaka juu, macho yakasimama kwenye shingo.

"Kola hiyo sikuielezea."

"Ndiyo maana inanibana," mgeni alisema.

Alieleza shida yake kwa maneno machache. Alitaka ukurasa unaofuata. Hakuhitaji mwingi, wa kumfikisha tu, na ufike kabla ya Jumapili, kwa sababu kuna mtu nyuma yake anayesubiri kujua njia. Arame alikubali mara moja. Alisema amelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Alichukua kalamu.

Siku hiyo alimwandikia chumba cha kupanga mjini Thiès. Mgeni akabeba sanduku akaenda. Alirudi jioni.

"Chumba kipo, kina dirisha zuri," alisema. "Lakini mwenye nyumba anauliza mume wangu yuko wapi. Hukuniandikia cha kumjibu."

Kesho yake Arame alimwandikia dada aishiye mjini Kaolack, dada mwenye moyo mwema. Mgeni alirudi kabla ya swala ya alasiri, safari hii na mbuzi.

"Dada ana moyo mwema kweli. Ana mume pia. Mume amesema nivumilie, akanipa mbuzi wa kumwomba Massamba msamaha."

Thioro, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, alicheka mpaka akakohoa. Massamba ndiye aliyekuwa mume wake, na amekwisha kufa. "Mwaka ule? Kaolack? Hata mimi ningekwambia. Shoga, wewe umesoma mpaka ukasoma na vya wenzio, lakini hukuwahi kuuliza mwanamke anafikia wapi akishatoka."

"Niliandika kwa nia njema, Thioro."

"Najua. Nilikiweka kitabu chako kwenye kasha, katikati ya nguo za hariri. Jalada lina picha ya mwanamke wa watu, sijui wa Mali. Kilichomo nakisikia kwa watu tu. Hukuja siku moja ukakaa ukanisomea."

"Kimeandikwa kwa Kifaransa."

"Na wewe umezaliwa na Kifaransa? Hukukulia na mimi uani pale ukiomba maji kwa Kiwolofu?"

Mbuzi alikuwa anatafuna pazia, hakuna aliyemzuia.

"Mtoto akipewa jina la mtu," Thioro aliendelea, "mwenye jina huitwa. Anakuja na sabuni, anakuja na kitambaa, anambeba mtoto, na tangu siku hiyo mtoto akikosa pa kulala ni kwake. Huyu umempa jina langu, jina na ukoo. Hukuniita. Ningekuja na sabuni. Nimekuja kumjua Jumatano hii, mkubwa hivi, ana njaa."

"Nilikosea," Arame alisema.

"Hapo ulikosea kidogo."

Thioro hakupandisha sauti alipoyasema yaliyofuata. Alisema kwamba siku ile ya kumpokea mke mwenza, alfajiri, kabla sufuria haijapanda motoni, alikuja kwenye lango hili la buluu na sanduku. Alibisha. Arame alishuka mwenyewe, amejifunga khanga, mkono mmoja ukiwa umeshika komeo kwa ndani. Aliongea kwa upole. Alisema mume wake mkaguzi anafahamiana na Massamba, itakuwa fedheha, wataonekana wanavunja nyumba za watu. Alisema, "Vumilia, shoga yangu, vumilia kidogo tu." Thioro akarudi. Alifika uani jua linachomoza, akawasha moto.

"Sanduku uliliandika, na sufuria, na wageni," alisema, "ila lango."

Arame alilia. Alilia kweli, hakuna wa kusema alijifanya. Alikuwa mwanamke mwenye majuto, na majuto yake yalikuwa na miaka mingi, yametunzwa vizuri kama vile vyumba vitano. Alivuta karatasi mpya, akaandika kwamba mwanamke alibisha na lango likafunguliwa. Wino haukushika. Maneno yalionekana yakiwa mabichi, yalipokauka karatasi ikawa nyeupe. Akaandika tena, akikandamiza kalamu. Karatasi ikabaki na mikwaruzo tu. Alijaribu mpaka jua likainama, wageni wake wakimtazama, mmoja mzee na mmoja kijana, mikono imekunjwa kwa namna moja.

"Iache kalamu," Thioro alimwambia mwishowe. "Lango liko pale chini. Vyumba unavyo. Shuka ulifungue, huyu aingie na sanduku lake, na mwanangu aje leo jioni na lake. Hapo wino utashika wenyewe."

Arame aliinuka. Alifika mpaka kwenye ngazi, akashika ukuta. Chini, kupitia dirisha, waliweza kuliona lango na komeo lake.

Lakini Jumapili hiyo hiyo maktaba ya mji ilikuwa inapewa jina lake. Waziri alikuwa anakuja. Watu wa televisheni walikuwa wamesema watapiga picha nyumbani, mezani, na hata vyumbani. Na huyo mume wa Ngoné, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa halina kazi hapa, ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya sherehe. Yeye ndiye aliyeandika barua kwa waziri, yeye ndiye aliyepata viti. Arame aliyaeleza haya taratibu, huku akijifuta macho. Alisema sherehe ikiisha tu. Alisema Jumatatu, au Jumanne.

"Vumilieni kidogo tu," alisema.

Thioro na Thioro waliinuka pamoja. Kila mmoja alishika upande wake wa mpini wa sanduku, wakashuka. Mbuzi alitangulia.

Walimkuta Ngoné amekaa mlangoni kwake. Aliona sanduku limerudi, akaingia ndani. Walimsikia akifungua kabati na kupanga nguo, moja moja, kwenye rafu zake. Mgeni alimfuata, akasimama mlangoni.

"Ningekuwa na mahali ningekupeleka."

"Najua, dada," Ngoné alisema. "Niliandika kurasa nne juu yako kwenye mtihani. Nilipata alama nzuri kuliko wote."

Jumapili uani kwa Ngoné palijaa. Wanawake wa ukoo wake walimpokea bi harusi kama inavyopasa, kwa ngoma za vibuyu na nyimbo za kumchana. Walimwimbia kwamba miguu yake ni ya bata wa Mauritania, kwamba akipika hata paka wanahama mtaa, kwamba mume amemnunua gizani na kesho atamrudisha dukani. Bi harusi aliketi kajifunika, akiyapokea, maana ndiyo desturi na aliwahi kuyaimba mwenyewe kwa wengine. Ngoné alikuwa mbele, katika gauni la damaski la rangi ya ndizi, anaimba kwa sauti ya juu kuliko wote. Hakukosea neno.

Mbuzi alikuwa sufuriani pamoja na wali. Moto uliangaliwa na Thioro wawili. Mzee alionja chumvi, kijana alikoroga.

Ndani, televisheni ilikuwa imewashwa bila mtu wa kuitazama. Arame Diop alionekana amesimama mbele ya maktaba, karibu na waziri. Nyuma yao katibu wa kamati alikuwa anatazama saa, kwa kuwa alikuwa na harusi. Arame alisema, kwa Kifaransa chake kizuri, kwamba katika kila mwanamke wa nchi hii yupo yule anayechukua sanduku na kwenda zake. Watu walipiga makofi. Waliokaa karibu wanasema macho yake yalikuwa na maji, nami nawaamini.

Wasichana wawili wa sekondari, waliotumwa kuleta sahani, walisimama kando ya moto wakamkodolea macho yule anayekoroga.

"Si wewe Thioro wa kitabuni?" mmoja akauliza. "Tuna mtihani juu yako mwezi ujao. Mwalimu amesema uko huru."

Moshi ulikuwa unamwingia machoni. Alijifuta kwa ile kola iliyombana, akamnyooshea msichana mwiko.

"Shika hapa," alisema. "Usiuache, wali utaungua."