Alichokuwa Akikinyoa Tshiela

Siku ya ishirini na mbili ya kulala stesheni ya Kolwezi, habari zikaenea: treni ya kuwapeleka Wakasai waliofukuzwa mjini "kwao" inaondoka leo. Tshiela hakufunga mizigo. Alikuwa kwenye foleni ya daktari palepale stesheni, amempakata Ndaya, bintiye wa miaka mitatu, roho mkononi.

"Mama, maji," Ndaya akasema kwa sauti nzito.

"Sauti gani hii!" akacheka Fidélie, jirani yao wa mkeka. "Tata Mukuna, ulizaa mutoto ao ulizaa kapita wa kusimamia wanaume mu mugodi?"

Mukuna, mumewe Tshiela, karani aliyefukuzwa kazi kwa sababu tu babu yake alizaliwa Kasai, hakucheka.

Mara tatu walikwenda hospitali, mara tatu wakaambiwa mtoto kanenepa, ana chunusi, basi. Hakuna aliyejua siri ya Tshiela. Kila asubuhi ya hospitali alimnyoa Ndaya nywele zilizomwota sehemu za siri, asije akaitwa mtoto wa uchawi. Hata leo alimnyoa.

Daktari Musafiri, kijana aliyetoka chuo mwaka uleule, alisikiliza kifua. "Kifua ni safi, mama. Mwingine!"

Honi ya treni ikalia. Mukuna akajitwika godoro.

Tshiela hakusogea. "Tata Munganga, mi nilikuficha. Mutoto iko na nywele za mutu mukubwa. Mi njo namunyoaka."

Daktari akamlaza Ndaya juu ya furushi la nguo, akamminya tumbo polepole. Kushoto, chini ya mbavu, vidole vikagusa kitu kigumu, vikasimama.

"Ni bulozi?" Tshiela akanong'ona.

"Si uchawi, mama, wala si kosa lako. Juu ya figo kuna tezi ndogo. Yake imeota uvimbe, nao unamwaga homoni za utu uzima katika damu yake. Lazima utolewe kabla haujasambaa."

"Utaitoa hapa?"

"Hapa hatuna mpasuaji. Kule Kasai, hospitali ya misheni, yupo." Akaandika barua harakaharaka.

Mukuna akaipokea. "Treni inafika kisha siku ngapi?"

Daktari akatazama watu waliojaa mpaka juu ya paa. "Wanasema nne. Lakini iliyopita ilichukua wiki tatu."

Tshiela akamfunga mtoto mgongoni, akajipenyeza mlangoni, akimwambia kila aliyemzuia, kwa sauti ya kusikika behewa zima:

"Mutoto wangu iko na uvimbe mu tumbo. Mutupe njia!"