Betri ya Kompyuta na Baraza la Wazee

Mseti alimkabidhi mkewe Wegesa lile sanduku la betri kama mtu anayekabidhi kichanga. Alilinunua Sirari, mji wa mpakani, akachomeka humo kompyuta ya mezani ya pale sebuleni, akasema, "Umeme ukikatika hili litakushikilia robo saa, uhifadhi kazi yako. Kompyuta tu, mama Neema. Kitu kingine usichomeke."

Kisha akarudi kazini machimboni. Baba yake, mzee Nchagwa, hakumweleza lolote kuhusu sanduku hilo.

Basi mzee akalitazama tu, akakitangazia kijiji chote cha Nyanungu kwamba kwake umeme haukatiki tena.

Jumamosi Wegesa alikuwa na kazi ya mwisho ya darasa la jioni, itumwe kabla ya saa kumi alasiri. Asipotuma, anarudia mwaka. Saa tisa na nusu alitoka kwenda kumnyonyesha Neema, kurasa saba zikiwa kwenye kioo, hajazihifadhi. Aliporudi alikuta baba mkwe na wazee wenzake watatu wanatazama mpira, televisheni imechomekwa kwenye sanduku lake.

Mara umeme ukakatika. Televisheni ikaendelea, wazee wakapiga makofi. Sanduku likaanza kulia, pii, pii.

Wegesa akaganda nyuma ya pazia la mlango. Kwa mila yao, mkamwana hapiti karibu na baba mkwe aliyeketi, na nyaya zote zilikuwa nyuma ya kiti chake. Akamnong'oneza mama mkwe, Felista, apeleke ujumbe.

"Baba Mseti, mkamwana wako anaomba mchomoe televisheni. Betri inaisha."

"Mwambie betri imeelemewa," mzee akajibu. "Nani humu anakula umeme bila kazi?"

Mzee Ezra, jirani, akakagua meza. "Hiyo kompyuta. Tangu tukae ina maandishi yale yale. Hata picha haina."

"Ing'oe ipumzike," mzee Nchagwa akaamuru.

Ezra akainuka, akaushika waya.

Wegesa akamkaza Neema mgongoni, akaingia macho chini. "Shikamooni." Akapenya nyuma ya kiti, bega likagusa kofia ya baba mkwe, mwili wote ukamsisimka kwa aibu. Akachomoa televisheni. Mpira ukafutika penalti ikiwa imewekwa.

"Samahani, baba Ezra, uachie huo waya," akasema taratibu. Ezra akauachia kama umemuunguza.

Akapiga magoti mezani. Akahifadhi, akaunganisha intaneti ya simu, akatuma. Kioo kikaandika kwamba kazi imepokelewa. Saa kumi kasoro dakika mbili. Sanduku likatoa mlio mmoja mrefu, kila kitu kikazima.

Neema akacheka mgongoni, akiichezea kofia ya babu yake aliyoinyakua wakipita.

Mzee Nchagwa akautazama ukuta. "Felista," akasema, Wegesa akiwa hatua moja tu kutoka kwake, "mwambie mkamwana, hata hivyo tulikuwa tunafungwa."