Chaji ya Masikio ya Mzee Mathenge

Mzee Mathenge hakusikia radi, hakusikia kengele ya kanisa, hakusikia hata ng'ombe akilia njaa nyuma ya mgongo wake. Lakini mtu akimimina chai jikoni, mzee huyo mlangoni, kikombe mkononi. Hiyo ndiyo stori ambayo Wamae, mwanawe wa mwisho, alipenda kuwapa watu pale Tetu, na kila mara aliongeza kwamba baba yake ana masikio mazuri sana, ila yako puani.

Wamae alikuwa amemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani kuangalia ng'ombe wawili, shamba la chai, na mdomo wake mwenyewe. Mdomo ndio uliomsumbua zaidi.

Kwa miaka mingi uziwi wa mzee haukuwa shida ya mtu, maana mkewe Murugi alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Akimwambia mumewe abadilishe soksi, watu wa ng'ambo waliangalia soksi zao. Kisha ugonjwa ukamshika koo. Ulianza kama mkwaruzo wa baridi tu, kila jirani akaleta asali na ndimu. Mvua za masika zilipokwisha, daktari mmoja kule Nyeri alikuwa amemvuta Wamae pembeni na kumwambia kwa upole mwingi kwamba ampeleke mama nyumbani, akae na watu wake. Sauti ile ya kuvuka bonde sasa haikuvuka blanketi.

Basi nyumba ikabaki na mwanamume asiyesikia na mwanamke asiyeweza kupaza sauti, na kati yao mkalimani mmoja asiyeaminika.

"Mwambie baba yako ale, chakula inapoa," Murugi alinong'ona.

Wamae, aliyezoea kumwita mama yake Maitu, aliinama kwenye sikio la mzee. "Baba! Maitu anasema leo umependeza kuliko padri!"

Mzee alivuta kofia yake ya sufu chini, akatabasamu na kutazama sakafu kama msichana aliyeposwa. Murugi alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Wamae akamshika mgongo, akijilaumu na kujisifu kwa wakati mmoja, maana kumchekesha mama ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki.

Lakini asubuhi moja hakucheka. Alimshika mwanawe mkono.

"Wamae. Niko na neno ya kuambia baba yako."

"Sema, Maitu. Mimi niko hapa, redio ya taifa."

"Hii si ya kupitia kwako."

"Hata nikikataa kutia chumvi?"

"Hata ukiapa mbele ya altare. Ni ya watu wawili. Nataka aisikie na masikio yake."

Sasa, masikio yalikuwepo. Benter, muuguzi wa zahanati, mama wa kutoka Siaya ambaye mumewe ni polisi na ambaye huja kumpa Murugi dawa ya maumivu, alikuwa ameyafuatilia mpaka yakapatikana: vidude viwili vya kusaidia kusikia, kama maharagwe, vya kuning'inia nyuma ya sikio, vinavyolala ndani ya kikasha chenye taa nne za kuonyesha chaji. Mzee aliyavaa siku chache. Halafu radi ikapiga transfoma, kijiji kizima kikarudi kwenye kibatari. Na huo ulikuwa mwezi wa saba. Mtu wa Tetu hahitaji kuelezwa mwezi wa saba. Ukungu unashuka kutoka Aberdare unakaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga. Kipande cha sola cha Wamae kilishinda mabatini kikichaji ukungu. Alipopeleka kikasha mjini kuchajiwa, masikio yalishinda huko siku nzima, na mzee akashinda kiziwi.

"Hii nchi yenu," Benter alisema akikung'uta mwavuli, "kwani jua mlilikosea nini?"

"Sister, jua ni la watu wa Siaya. Sisi tulipewa akili."

"Basi itumie hiyo akili, tuone. Mama hana siku nyingi za kungoja."

Alilisema hilo bila kutabasamu.

Wamae aliangalia ni nini pale nyumbani kinachozunguka kila siku, mvua au ukungu. Kilikuwa kimoja: mashine ya kukata nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe. Ng'ombe wa kufungiwa hula asubuhi na jioni hata kama dunia inaisha, na lile gurudumu zito la mashine lilizungushwa kwa mkono bila kukosa. Wamae aliifungua dainamo ya baiskeli iliyokufa, akaibana isuguane na ukingo wa gurudumu. Akashuka mpaka Karatina kwa rafiki yake fundi wa simu, akarudi na betri zilizotolewa kwenye kompyuta iliyozimika, pamoja na vidude vya kuutuliza umeme usiruke ovyo. Akavuta waya kutoka bandani mpaka kwenye kiti cha mzee kando ya kitanda cha Murugi. Kwa jasho la kukata nyasi za jioni moja, taa za kikasha zikawaka zote nne.

Mzee aliyavaa masikio, akaketi, macho yamemtoka.

"Nani anavunja kuni?"

"Ni moto, Baba. Moto unalia hivyo."

"Kumbe."

Kisha Murugi akaita, kwa pumzi tu, "Baba Wamae."

Mzee alivua kofia. Alimtazama mkewe muda mrefu. "Sauti yako imezeeka," alisema.

"Na wewe masikio."

Wamae alitoka nje haraka, akajisingizia moshi.

Lakini neno halikutoka siku hiyo. Akina mama wa jumuiya walikuja na uji na rozari, wakajaza chumba. Kesho yake maumivu yalikuja yakakaa. Murugi aliongea vitu vidogo: mto, maji, dirisha lifungwe. Neno lile alilitunza, akisubiri siku ya nguvu. Na mzee, ambaye Wamae alimdokeza kwamba kuna neno, alisubiri pia. Alinyoa ndevu kila asubuhi kama mtu anayeitwa ofisini.

Hapo ndipo ilipoingia akili ya mkulima wa maziwa. Wamae alimweleza baba yake kwamba betri ni kama tangi: nyasi zikikatwa, umeme unaingia humo na kukaa, na masikio yanaweza kunywa wakati wowote, hata mashine ikiwa imelala.

"Wewe," mzee alisema, "umeshakamua ng'ombe ndoo ikiwa nyumbani?"

"Baba, hii si maziwa."

"Ndoo inakaa chini ya ng'ombe wakati unakamua. Hayo mengine ni ya kumwagika."

Wamae alicheka akamwacha. Kwa hiyo kila mara mzee alipoona kupitia dirishani gurudumu linaanza kuzunguka, aliyatoa masikio, akayaweka ndani ya kikasha, akakishika mkononi kwa heshima, akavuta kofia chini kuzuia baridi. Gurudumu likisimama, aliyavaa tena. Ukimtazama kutoka kitandani, huwezi kujua kama yamo au hayamo. Ni kofia tu unayoiona.

Alasiri moja ukungu ulipungua kidogo, na Murugi aliamka na macho maangavu. Alikunywa uji nusu kikombe. Akamwambia Wamae, "Nenda ukatie ng'ombe nyasi."

"Si watakula jioni, Maitu?"

"Kata mingi. Ile mashine ipige kelele."

Wamae alielewa. Mama alitaka kelele, ili mkalimani asisikie. Wamae alitoka mbio kama mtoto aliyetumwa sukari, akazungusha lile gurudumu kwa furaha, mpaka ng'ombe wakamshangaa. Alirundika nepia ya siku mbili. Mkono ulimuuma na hakuacha. Kila alipofikiria kusimama alijiambia, bado, wape muda, watu wamekaa pamoja miaka yote hiyo, lazima ni neno refu.

Alipoingia ndani, Murugi alikuwa amelala chali, uso wake umelainika. Alimwita kwa kidole. Wamae aliinama.

"Nimemwambia yote," alinong'ona. "Nilidhani atakataa. Amesikiza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Halafu amesema Amina." Akatabasamu, akafunga macho.

Wamae aligeuka kumtazama baba yake, tayari kumtania. Mzee alikuwa kwenye kiti, kofia mpaka nyusi, na mikononi mwake kikasha kimefungwa. Taa nne zinang'aa.

Hapo Wamae akaikumbuka ile ndoo ya maziwa. Alimwendea, akaonyesha masikio kwa kidole. Mzee akaharakisha kuyavaa.

"Yameshiba," alisema kwa fahari, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mgonjwa. "Mama yako alikuwa akisali rozari. Niliona midomo inaenda, inaenda. Nikainama naye. Alipomaliza nikamwitikia."

Wamae alisimama kati ya kiti na kitanda. Angemwamsha, amwambie, Maitu, hakusikia hata neno, rudia? Nguvu ya kurudia angeitoa wapi? Na ule uso uliotulia namna ile, nani angethubutu kuukunja? Aliamua kwamba asubuhi ingefaa. Asubuhi angeficha mashine, angemvalisha mzee masikio kwa mkono wake mwenyewe, angemwambia mama kwa mzaha kwamba mzee amelipenda lile neno, analitaka tena.

Murugi hakufika asubuhi. Kulipokucha mzee alikuwa ameketi palepale, masikio yamo, yamejaa chaji, akisikiliza. Alimwambia Wamae, "Nasikia moto. Nasikia ng'ombe. Yeye simsikii." Wamae aliweka mkono kifuani kwa mama yake, kisha akampigia Benter simu, akashindwa kuongea, na Benter upande wa pili akasema, "Nimeelewa, mtoto wangu. Nakuja."

Walimzika kando ya majani chai. Watu walikuwa wengi, na Wamae hakufanya mzaha hata mmoja, mpaka wengine wakamuuliza kama na yeye ni mgonjwa.

Watu walipoisha, mzee alianza kukaa nje kwenye kigoda, masikio yamevaliwa kutwa. Siku moja alimwita.

"Mama yako alikuwa na neno ya kuniambia. Wewe ndiye ulileta hiyo habari."

"Ndiyo, Baba."

"Akaenda bila kuniambia. Nilimkosea nini?"

Wamae alikuwa amejiandaa kukaa na siri hiyo mpaka azeeke nayo. Lakini mzee alikuwa akimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe, na hilo lilimshinda.

"Alikuambia, Baba. Ile siku nilikata nyasi nyingi. Haikuwa rozari."

Ng'ombe mmoja alikohoa bandani. Mzee aliyatoa masikio, akayatazama kiganjani, akayavaa tena polepole.

"Mimi nilisema Amina."

"Ulisema."

"Na yeye?"

"Alitabasamu. Aliniambia alidhani utakataa."

"Kwa hiyo nilikubali kitu," mzee alisema. "Sijui ni nini, na nimeshakubali."

Hakulia mbele ya mwanawe. Aliinuka, akachukua fimbo, akavuka ua wa mpaka kwenda kwa Kinyua, ndugu yake, ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu ugomvi wa ule mpaka wenyewe. Murugi alikuwa amemsihi kuhusu Kinyua mara nyingi, kwa sauti yake yote. Wamae aliwaona kwa mbali wazee wawili wamesimama, hawajui waweke mikono wapi, kisha wakajua.

Hakuishia hapo. Alikwenda kuungama. Alishona kifungo cha koti, vibaya. Aling'oa ule mti uliokula mwanga wa jikoni. Kila alipomaliza jambo alikaa kwenye kigoda akageuza kichwa kidogo upande wa majani chai, akangoja, kisha akamwita Wamae.

"Ni nini ingine alikuwa akiniambia kila wakati?"

Safari hii Wamae alitaka kutania, kwa mazoea, akajizuia. Alifikiri.

"Mlango wa choo, Baba. Alisema unalia sana. Tangu mimi nikiwa mdogo."

"Unalia?"

Mzee alikwenda na mkebe wa mafuta. Wamae alingoja aone akipaka. Lakini mzee aliuweka mkebe chini kwenye nyasi. Alifungua mlango taratibu, akaufunga. Akaufungua tena, ameinamisha kichwa, akiusikiliza.