Bei ya Bihogo

Swali la kumi na moja la fomu ya kazi lilikuwa fupi kuliko yote: Una deni lolote? Daphrose aliandika "Hapana" papo hapo, akatia sahihi, kisha akaenda zake kumkamua ng'ombe wake, Bihogo.

Miaka tisa alikuwa amepiga chapa barua za serikali pale Masisi bila matrikuli, ile namba inayomfanya mtu kuwa mtumishi halali, akilipwa ahadi na asante. Sasa kulikuwa na nafasi ya kutunza barua za siri kule Walikale, na namba ilikuwa ndani yake. Kilichobaki ni kibali cha usalama. Nani angemkosesha? Pombe hakuijua, na hata chumvi hakuwahi kukopa kwa jirani.

Mwezi ulipopita aliitwa na Papa Pierre, mchunguzi aliyekuwa amezunguka kijijini kwao Lushebere akiulizia habari zake.

"Mama Daphrose, kibali kimekataliwa," alisema, macho yake mezani. "Uko na deni ya dola mia sita. Ya ng'ombe. Sasa ni miaka ine."

"Deni gani, Papa? Bihogo? Ile ni ng'ombe ya urafiki!"

"Mwenye kuitoa ametaja bei, akatia sahihi. Muntu mwenye deni, adui anaweza kumununua kwa deni yake. Na wewe uliandika hapana. Hiyo njo mubaya zaidi."

Akamsogezea karatasi. Chini kabisa palikuwa na jina la Manassé.

Manassé! Rafiki wa marehemu baba yake, mtu aliyemwita mwanangu tangu alipokuwa akitambaa. Daphrose alipotoka kambi ya waliokimbia vita na sufuria moja tu mkononi, ni Manassé huyo huyo aliyemkabidhi Bihogo mbele ya Wakristo wote waliotoka misani. "Hii haina bei," alisema, na watu wakapiga makofi. Desturi ilidai jambo moja tu: ndama jike wa kwanza amrudie aliyetoa, kama shukrani. Lakini Bihogo, mkaidi yule, alizaa dume, akazaa dume tena. Walicheka pamoja hadi mbavu zikawauma. "Tutangoja," Manassé alimwambia. "Urafiki hauna haraka."

Kumbe haraka ilikuwapo. Pale mlangoni, Pétronille anayefagia ofisi alimvuta kando akamnong'oneza: "Dada, ile kazi wamepatia Prince, mutoto wa ndugu ya Manassé."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Daphrose alikuwa ameusikia msemo huo mara elfu bila kujua kwamba unauma hivi. Kukosa namba alikuwa amekuzoea. Alichoshindwa kumeza ni kwamba yale makofi ya misani yalikuwa yamegeuzwa dola mia sita.

Kesho yake alimfunga Bihogo kamba, akampandisha kilima hadi kwa Manassé. Mukandori, mkewe, ndiye aliyewaona kwanza, akaziba mdomo kwa kiganja. Ng'ombe wa urafiki harudishwi, ila kwa mtu usiyetaka kumwona tena.

"Mwanangu, yalikuwa tu maneno ya serikali," Manassé alisema, akikwepa kuipokea kamba. "Prince iko damu yangu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia, Papa. Ningemwachia."

Akaifunga kamba kwenye nguzo ya nyumba, akamnyooshea mzee karatasi na kalamu.

"Sasa andika kwamba sidaiwi."

Manassé aliandika polepole, akiegemeza karatasi juu ya goti. Daphrose aliikunja akaitia mfukoni, akijua vizuri kwamba hakuna ofisi itakayoisoma. Akateremka bila kuaga. Nyuma yake Mukandori alimwita mara mbili kwa jina lake la utotoni, naye hakugeuka.

Kulipokucha alisikia mlio anaoujua. Bihogo alikuwa amekata kamba, amesimama nje ya lango, kiwele kimemjaa. Mikono ya Daphrose ilichukua ndoo kwa mazoea, miguu ikampeleka hadi langoni. Hapo akasimama, kiganja juu ya gogo la kufungia lango, karatasi ikimkwaruza pajani.

Bihogo akalia tena, akaingiza pua katikati ya miti na kumnusa mkono. Maziwa yalikuwa yameanza kudondoka yenyewe kwenye majani.